Kutembelea Garfield Park Conservatory, Chicago: Mwongozo Kamili

Januari ya Chicago si mchezo. Upepo wa Ziwa Michigan unakata masikio, jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, na familia nyingi zilizofika hapa kutoka Nyarugusu, Kakuma, Goma au Dar es Salaam hujifungia ndani wiki nzima zikisubiri Aprili. Mwezi huohuo, upande wa magharibi wa jiji, kuna nyumba ya vioo inayofunika karibu ekari mbili ambamo migomba inaendelea kukua na maji yanatiririka juu ya mawe. Inaitwa Garfield Park Conservatory, ni mali ya umma, na ilifunguliwa mwaka 1908.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda na kuiona kweli. Wengi wetu tukifika tunaulizia migomba iko wapi, tunapiga picha tano, tunawatumia ndugu nyumbani, tunaondoka. Mimi nashauri kinyume chake: migomba iwe ya mwisho. Aliyeijenga nyumba hii alikuwa na jambo alilotaka watu walione, na jambo hilo limo katika chumba ambacho wageni wengi hukipita kwa mwendo wa haraka.

Kwanza, ujue unakwenda kuona nini

Jens Jensen, aliyeibuni nyumba hii, alizaliwa Denmark mwaka 1860 na kuhamia Marekani mwaka 1884. Chicago alianza kama kibarua wa bustani za umma za upande wa magharibi, akapanda ngazi hadi kusimamia bustani nzima. Mwaka 1900 alifukuzwa kazi kwa sababu hakukubali ufisadi uliokuwa umekithiri katika tume iliyosimamia bustani hizo. Miaka mitano baadaye uongozi ulisafishwa, akarudishwa, safari hii akiwa msimamizi mkuu wa bustani zote za upande huo.

Alikuta nyumba tatu ndogo za vioo, moja katika kila bustani kubwa: Humboldt, Garfield na Douglas. Zote zilikuwa zimechakaa. Akaamua zibomolewe, na fedha zielekezwe kujenga moja kubwa. Ujenzi ulifanyika mwaka 1906 na 1907.

Zama zile nyumba za mimea zilijengwa kwa mfano wa majumba ya kifalme, zenye kuba na nakshi nyingi. Jensen hakutaka hivyo. Paa zake zimepinda taratibu kama marundo ya nyasi kavu yaliyokuwa yakionekana katika mashamba ya majimbo ya kati ya Marekani. Kabla hujaingia, simama nje dakika mbili uyatazame mapaa hayo kwa mbali.

Ndani alifanya jambo kubwa zaidi. Desturi ilikuwa kupanga mimea kwenye vyungu, imejaa katikati ya chumba, kila mmoja na kibao chake. Yeye aliipanda ardhini, akayaficha mabomba ya joto nyuma ya kuta za mawe, akaacha nafasi wazi katikati ili jicho lisafiri. Alikuwa anatengeneza mandhari, kwa ajili ya watu wa tabaka la wafanyakazi walioishi kando ya viwanda na ambao hawakuwa na uwezo wa kusafiri kwenda kuona msitu wala bonde.

Kabla ya kutoka nyumbani

Fungua tovuti rasmi uangalie mambo matatu: siku za kufungwa, kama unatakiwa kuweka nafasi kwa saa maalumu, na kama asiye mkazi wa Chicago analipa. Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo usimtegemee jirani aliyekwenda mwaka juzi. Kama wewe ni mkazi wa jiji, beba kitambulisho chenye anwani yako.

Kuhusu saa, ninapendekeza ufike mapema, mara milango inapofunguliwa. Asubuhi mwanga huingia kwa ubavu na kupenya kati ya majani, na vyumba bado vimetulia. Majira ya baridi, ukifika saa tisa alasiri umeshachelewa: giza litakukuta bado uko chumba cha pili. Siku za shule kunaweza kuwa na makundi ya wanafunzi. Yakiingia chumba ulichomo, usikasirike wala usikimbie, kaa kwenye benchi. Hayakawii.

Mavazi yana hesabu yake. Utatoka kwenye baridi kali na kuingia kwenye joto lenye unyevunyevu, kisha kwenye joto kavu, kisha urudi barabarani. Vaa nguo za kupunguza: fulana nyepesi ndani, sweta, halafu koti. Koti zito utalibeba mkononi kwa saa mbili, basi chukua begi la mgongoni unaloweza kulikunjia ndani. Viatu viwe vya soli inayoshika, maana njia za mawe huwa na majimaji. Anayevaa miwani ajiandae: itajaa ukungu mara tu mlango wa ndani unapofunguliwa, na ukiifuta itajaa tena. Ivue, iache ipate joto, ndipo uivae.

Simu nayo ina tatizo hilohilo. Ikiwa imekaa kwenye mfuko wa nje wa koti, kioo cha kamera kitashika umande na picha zote zitatoka na ukungu. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, tangu unapotoka nyumbani. Mwenye kamera kubwa aiache ndani ya begi lililofungwa zipu kwa robo saa baada ya kuingia. Na ukitaka kutumia miguu mitatu ya kamera, au kupiga picha za harusi na mahafali, uliza kwanza kuhusu kibali.

Kuleni kabla. Si mahali pa kufungulia chapati katikati ya mitende.

Njia ya kufika

Treni ndiyo njia rahisi kuliko zote. Panda Green Line inayoelekea Harlem/Lake, ushuke kituo cha Conservatory–Central Park Drive. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2001 na kipo hatua chache tu kutoka mlangoni. Kutoka katikati ya jiji safari ni ya takriban robo saa. Unayetoka uwanja wa ndege wa O'Hare, panda Blue Line hadi Clark/Lake, hapo ubadilishe uingie Green Line. Wanaoishi Rogers Park, ambako Waswahili si wachache, wachukue Red Line hadi katikati ya jiji na kubadilisha huko. Nauli unalipa kwa kadi ya Ventra au kwa kugusisha kadi ya benki.

Wenye gari, anwani ni 300 North Central Park Avenue, na kuna maegesho kando ya jengo.

Mtaa wenyewe unaitwa East Garfield Park. Una sifa mbaya midomoni mwa watu wengi ambao hawajawahi kufika. Ni mtaa uliotelekezwa na wenye fedha kwa miongo mingi, na wakazi wake wanaipenda nyumba hii na kuitunza. Chukua tahadhari za kawaida za jiji lolote: simu usiichezee barabarani, na ratibu safari ya kurudi kabla hujatoka.

Ukishaingia: anza polepole

Nitaviita vyumba kwa majina yaliyoandikwa kwenye vibao, ili usipotee.

Chumba cha kwanza ni Palm House, kikubwa kuliko vyote. Jambo la kwanza utakalolihisi ni harufu ya udongo uliolowa, ile inayopanda baada ya mvua za masika. Huku nje theluji imejaa, mwili hushtuka. Jipe dakika kumi hapa bila kutazama mmea wowote hasa. Vua koti, acha mapafu yazoee. Kisha inua macho. Mitende na jamii zake imepanda kutafuta mwanga, na kwa kuwa imepandwa ardhini haionekani kama mapambo. Angalia mashina: mengine yana makovu ya pete, kila pete ni mahali jani moja lilipoanguka.

Kutoka hapo unafika Fern Room. Hapa ndipo ninapokuomba usimame.

Ni chumba cha makangaga, ile mimea isiyotoa maua wala mbegu, yenye majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege. Sakafu yake iko chini kuliko ulikotoka, na unapoingia unakuta kidimbwi cha maji kimezungukwa na kuta za mawe yaliyolazwa tabaka juu ya tabaka. Jensen alitaka kuonyesha Illinois ilivyoweza kuwa kabla ya binadamu, enzi za mabwawa na misitu ya makangaga makubwa. Hakubuni hewani. Chini ya jimbo hili kuna makaa ya mawe mengi, nayo ni mabaki ya mimea ya namna hiyo iliyozikwa yapata miaka milioni 300 iliyopita. Kusini-magharibi mwa Chicago, eneo la Mazon Creek, watu hupasua mawe ya mviringo na kukuta ndani alama ya jani la kangaga, kila mshipa ukisomeka.

Tafuta maporomoko madogo ya maji. Husimuliwa kwamba fundi mwashi aliyajenga, Jensen akayakataa kwa kuwa maji yalianguka kwa kishindo kama ya mlimani. Yakabomolewa na kujengwa tena, akayakataa tena. Mwishowe akamwambia fundi akasikilize muziki wa piano wa mtunzi Mendelssohn. Fundi akaenda, akarudi, akaelewa: maji ya nchi tambarare hayaangukii kwa hasira, yanadondoka kidogo kidogo kutoka jiwe hadi jiwe. Funga macho usikilize. Kisha tazama jinsi mawe yalivyolazwa, bapa, moja likitokeza kidogo kuliko la chini yake. Hivyo ndivyo kingo za mito ya Illinois zilivyo.

Sasa sogea karibu na kangaga lolote lililo kando ya njia, uinamishe kichwa uone upande wa chini wa jani, bila kulishika. Kwenye aina nyingi utaona vidoa vya kahawia vimejipanga safu mbili, kila upande wa mshipa. Mgeni hudhani ni ugonjwa au wadudu. La, hivyo ni vifuko vya chembechembe za uzazi, laini kuliko vumbi. Chembe ikianguka pahali penye unyevu huota jani dogo sana lenye umbo la moyo, na upande wa chini wa jani hilo mbegu ya kiume huogelea katika tone la maji kulifikia yai. Pasipo maji hakuna kangaga jipya. Ndiyo maana chumba hiki lazima kiwe na unyevu mwaka mzima. Tafuta pia jani changa: huchipuka likiwa limejiviringa, lenye vinyweleo vya kahawia, na hufunguka kidogo kila siku.

Katikati ya makangaga kuna saikadi, mimea inayofanana na mitende mifupi lakini haina undugu nayo. Badala ya maua hutoa koni, na mti wa dume ni tofauti na wa jike. Mtu wa pwani asizipite: misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ina ndugu yao, mtapo. Ukoo huu umekuwapo duniani tangu kabla ya kuwapo ua lolote.

Kaa hapa nusu saa. Usipofanya lingine lolote katika mwongozo huu, fanya hilo.

Vyumba vya magimbi, jangwa na maua

Aroid House ni nyumba ya ukoo wa magimbi. Utalitambua jani lile pana la umbo la moyo mara moja, ingawa hapa lina ndugu wa kila namna: wanaopanda miti, wenye majani ya matundu, wenye madoa. Kuujua ukoo, tafuta ua: kijiti kilichonyooka, kimezungukwa na jani moja lililojikunja kama kola. Juu ya maji ya dimbwi kuna mayungiyungi ya kioo ya rangi ya njano, kazi ya msanii Dale Chihuly, yaliyobaki baada ya maonyesho yake ya mwaka 2001 na 2002 yaliyovuta umati mkubwa na kuwarudisha watu wa Chicago katika nyumba hii.

Walihitaji kurudishwa, maana hali ilikuwa imezorota. Katika baridi kali ya mwaka 1994 mitambo ya joto ilikorofisha, na mimea mingi ya Aroid House ikafa. Msiba huo uliwaamsha wananchi, wakaanza kuchangia na kujitolea. Kisha tarehe 30 Juni 2011 mvua ya mawe ikapiga, ikavunja vioo vingi vya Fern Room, Show House, Desert House na vitalu vya nyuma. Vigae vya vioo vililala juu ya makangaga na ndani ya udongo, vikaokotwa kwa mikono. Ukarabati ulikwisha mwaka 2015. Ukiinua macho Fern Room, unatazama paa jipya juu ya mawe ya Jensen.

Desert House inakausha koo ghafla. Mimea mingi ya hapa inatoka Amerika, mingine Afrika, na inafanana hadi inachanganya. Jinsi ya kuitofautisha: kwenye dungusi kakati, miiba hutoka pamoja katika kishungi kidogo chenye manyoya, kama mto mdogo wa sindano. Kwenye mimea ya ukoo wa mnyaa, mingi ya Afrika, kishungi hicho hakipo, na ndani kuna utomvu mweupe unaochoma ngozi na macho. Makundi haya mawili hayana undugu wa damu. Ukame wa mabara mawili umeyafundisha umbo moja. Watu wa Tanga wakiona agave watasema mkonge, nao hawajakosea: mkonge wetu ni agave kutoka Mexico, uliofikishwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf kupitia Florida, ukiwa miche michache tu iliyonusurika safari. Kama kuna agave iliyochomoa mlingoti siku utakayokwenda, itazame vizuri, kwani hutoa maua mara moja maishani kisha hufa.

Show House hubadilishwa kwa misimu: poinsetia nyekundu wakati wa Krismasi, kisha maua ya majira ya kuchipua. Ni chumba cha furaha na picha. Sina mengi ya kukuambia, kitajieleza.

Hatimaye, migomba

Chumba kinaitwa Sugar from the Sun, na kazi yake ni kueleza usanisinuru, yaani jinsi jani linavyochukua mwanga, maji na hewa likatengeneza sukari. Humo kuna migomba, miwa, mananasi, michungwa na mkakao. Ukiwa na watoto waliozaliwa huku, hapa ndipo wanapogundua kwamba ndizi haizaliwi dukani. Waonyeshe mambo mawili. Shina la mgomba si mti: ni majani yaliyokumbatiana. Na kwenye mkakao, tafuta tunda au kiua kilichoota moja kwa moja kwenye shina, pahali ambapo mtoto hangetegemea.

Na sasa sharti moja ambalo halina mjadala: hakichumwi kitu. Si jani la mgomba la kufunikia chungu, si tunda lililoanguka, si kikonyo cha kwenda kuotesha. Kwetu kukata jani moja si dhambi, kwa hiyo mama na bibi waambiwe mapema, nyumbani, kwa adabu, wasije wakaonywa na mlinzi mbele ya wajukuu.

Wazee na watoto

Mzee anayetembea taratibu atafurahi hapa kuliko sehemu nyingi za jiji. Sehemu kubwa ya njia ni tambarare na kuna mabenchi. Fern Room ndiyo yenye njia nyembamba za mawe yanayoweza kuteleza, basi mshike mkono, au mkae upande wa juu mnakoona dimbwi lote. Mwenye kiti cha magurudumu amuulize mhudumu wa mapokezi njia iliyo bora kwake.

Watoto wana bustani yao ya ndani, yenye mtelezo na mimea wanayoruhusiwa kuichunguza. Kosa la wazazi ni kuanzia huko, baadaye hakuna anayekubali kutoka. Watembeze kwanza, uwape kazi: watafute jani kubwa kuliko yote, jani lenye matundu, mmea wenye miiba mingi. Kisha wacheze.

Saa mbili na nusu hadi tatu zinatosha kwa yote. Kabla ya kutoka, vaa kila kitu ukiwa bado ndani, funga zipu hadi shingoni, kausha jasho la kichwa. Kutoka na nywele zenye unyevu kwenye upepo wa Januari ni kujitafutia makubwa.

Ukitaka kurudi kiangazi

Kuanzia Mei bustani za nje, zenye ukubwa wa takriban ekari kumi, huwa zimeamka, mojawapo ikiwa imepandwa kwa kufuata bustani ya mchoraji Claude Monet kule Giverny, Ufaransa. Wakati huo vyumba vya ndani huwa na joto la kuchosha, kwa hiyo geuza ratiba: ndani asubuhi, nje mchana.

Aliyevutiwa na mawe ya Fern Room aende pia Columbus Park, kwenye mpaka wa magharibi wa jiji, karibu na kituo cha Austin cha Blue Line. Hapo Jensen alifanya kazi ileile bila paa: mto wa kutengenezwa kwa mikono, kingo za mawe bapa, maporomoko mafupi na mbuga ya nyasi. Nenda mwisho wa alasiri, upande wa mashariki wa nyasi, utazame magharibi. Nyumba nyingine ya vioo ya umma iko Lincoln Park, kaskazini mwa katikati ya jiji, imejengwa kati ya mwaka 1890 na 1895, nayo ina chumba chake cha makangaga. Ni ndogo, inamalizika kwa saa moja, na imepakana na bustani ya wanyama isiyo na kiingilio, kwa hiyo inafaa siku ukiwa na wageni wenye haraka.